UZI: Kwenda Oman kutembea. Viza, gharama na mambo ya kuangalia kabla hujakata tiketi

Mtu wa Mkunazini

Wakuu, amani kwenu.

Kila Idd ikikaribia na kila shule zikifungwa, ujumbe unaoniingia ni uleule: "Kaka upo Muscat, nataka kuja kutembea, nianzie wapi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, nafungua uzi tulimalize hapa. Mimi ni mtu wa Unguja, riziki yangu iko Muscat, na wageni wa ukoo wakija wanashukia kwangu. Kwa hiyo ninayoandika ni ya mtu anayekwenda kupokea watu uwanjani. Sina ofisi, siuzi viza, msinitumie hela.

Naongelea matembezi: kuona ndugu, kutalii, kuhudhuria harusi. Kazi ni habari nyingine, ingawa najua mtauliza tu.

Tuanze na viza, maana hapo ndipo watu wanapolizwa. Viza za Oman zinatolewa na Polisi ya Kifalme ya Oman, na mfumo wao wa mtandaoni uko evisa.rop.gov.om. Angalieni hiyo gov.om mwishoni. Ukikutana na tovuti inayoishia vingine, hata ikiwa na bendera na jambia na picha ya Sultani, huyo ni dalali. Anaweza kukuombea kweli, lakini atakupandishia bei, na nakala ya pasi yako itakuwa imeshabaki kwake.

Ukiingia kwenye mfumo, cha mwanzo unaulizwa pasi yako ni ya nchi gani. Mengine yote yanafuata hapo. Kuna viza za utalii ambazo mtu anajiombea bila mdhamini: ya siku 10 kwa riyali 5, ya mwezi mmoja kwa riyali 20, na ya mwaka mzima ya kuingia na kutoka kwa riyali 50, ambayo kila ukiingia hukai zaidi ya mwezi. Kama pasi yako haikuletei hizo, usihangaike kutafuta mlango wa nyuma. Unahitaji mdhamini aliyeko huko: hoteli au kampuni ya utalii iliyosajiliwa Oman, au ndugu yako.

Njia ya ndugu ndiyo wanayopita wageni wetu wengi. Mwenyeji ndiye anayeomba. Wewe kazi yako ni kumpelekea nakala safi ya pasi, picha, na vyeti vya kuonyesha undugu vikitakiwa. Pasi iwe na uhai wa miezi sita kuanzia siku unayoingia, vinginevyo hata ndege hupandi. Na ujue kwamba akishakudhamini, jina lake limefungwa na lako mpaka utoke nchini. Ukizidisha siku, faini ni riyali 10 kwa kila siku. Zile siku saba za "ngoja tumalize fungate ya bibi harusi" ni riyali 70, zaidi ya dola 180, na inalipwa kabla hujatoka. Atakayeona haya ni shangazi yako aliyekudhamini.

Sasa hili naomba mlisome taratibu. Viza ikitoka, USIKATE TIKETI siku hiyohiyo. Ifungue hiyo karatasi, uweke na pasi pembeni, usome herufi kwa herufi. Jina. Namba ya pasi. Tarehe ya kuzaliwa. Jinsia. Aina ya viza. Mwisho wa kuitumia kuingia ni kitu kimoja, na siku unazoruhusiwa kukaa ni kitu kingine. Watu wanazichanganya hizi kila siku. Ndugu zetu wanajaza fomu kwa simu, wakisoma picha ya pasi iliyopigwa gizani juu ya kitanda. Pasi inasema Hamisi, yeye kwa mazoea anaandika Khamis. Herufi O inasomwa sufuri. Kule nyumbani tunacheka, ila kwa mashine ya shirika la ndege hao ni watu wawili. Kisha nenda kwenye tovuti hiyohiyo ya polisi uitafute viza yako mwenyewe kwa namba yake na namba ya pasi. Ikionekana, alhamdulillahi. Isipoonekana, hiyo uliyonayo ni karatasi tu.

Nitaendelea na mengine kadiri mnavyouliza.

Dogo wa Mbagala

Nimekaa siti ya mbele na chai yangu.

Mkuu, kuna jamaa hapa mjini ana mchongo. Anasema anakutolea viza ya kutembea chapu, ukishatua kuna bosi anakubadilishia hukohuko inakuwa ya kazi, udereva. Anataka milioni mbili na nusu, nusu kwanza. Hii imekaaje?

Mtu wa Mkunazini

Imekaa vibaya mdogo wangu. Tangu tarehe 31 Oktoba 2023 polisi wa Oman walisimamisha kubadilisha viza za utalii na za kutembelea kuwa za kazi ukiwa ndani ya nchi, na katazo lilikuwa la mataifa yote. Kabla ya hapo ilikuwa ikifanyika kweli, ndiyo maana hao jamaa wana mifano ya watu waliofanikiwa. Mifano yao ya zamani.

Mwulize swali moja tu: "Kama kuna bosi anayenitaka, kwa nini asiniombee viza ya kazi nikiwa Dar?" Halafu umtazame usoni anavyojibu.

Ukiingia kwa viza ya kutembea ukakamatwa unafanya kazi, huna mkataba unaotambulika, huna pa kudai mshahara, na siku zako zikiisha faini inaanza kuhesabu. Huyo "bosi" naye analijua hilo.

Bi Tanga

Kaka Mkunazini, shikamoo kama wanizidi. Mie naulizia mdogo wangu. Kuna mama kamwambia atampeleka Muscat kwa mwanawe "akakae naye tu, amsaidie na mtoto". Viza yasemekana ni ya kutembea ndugu. Sisi hatuna ndugu Muscat.

Mtu wa Mkunazini

Marahaba dada. Sentensi yako ya mwisho imeshajibu. Kama hamna ndugu Muscat, viza ya ndugu ni ya nini?

Kumsaidia mtu na mtoto ni kazi ya ndani, hata ikiitwa kwa jina la upole. Kazi ya ndani ina viza yake, ina mkataba wake, na kwetu Tanzania inapitia kwa maofisa wa kazi wa serikali na ubalozi wetu wa Muscat unaujua huo mkataba. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania Oman na Falme za Kiarabu. Waliohojiwa walieleza kunyang'anywa pasi, kufanyishwa kazi usiku na mchana na mishahara kukatwa. Si kila nyumba iko hivyo. Nawajua dada zetu waliokaa vizuri, wamejenga na kusomesha. Lakini mfumo wa kafili, yaani mwajiri kuwa ndiye mdhamini wako, unamfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, na aliyeingia kwa viza isiyo yake hana hata ule ulinzi mdogo uliopo.

Mdogo wako asipande ndege mpaka aone mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara na saa za kazi, na ninyi nyumbani mbaki na nakala yake, nakala ya pasi, na anwani ya nyumba anayokwenda. Huyo mama akinuna, basi.

Mzee wa Fitina

Mimi siwaelewi. Oman ni mawe na joto. Mtu mwenye hela zake si aende Dubai akaone maghorofa? Na viza ya Ghuba ni moja, ukiwa Muscat unapanda basi asubuhi, mchana uko Dubai.

Mtu wa Mkunazini

Mzee, basi lipo kweli, ila umewapoteza watu hapo kwenye viza. VIZA YA OMAN HAIKUINGIZI DUBAI, na ya Dubai haikuingizi Oman. Kila nchi ina yake. Ukifika mpakani bila viza ya Falme za Kiarabu unateremshwa na begi lako jangwani, na kama viza yako ya Oman ni ya kuingia mara moja na umeshagongewa muhuri wa kutoka, kurudi nyuma nako ni mtihani.

Kuna mtego mwingine ambao hata wenyeji huusahau. Musandam, kule kwenye milima inayoingia baharini mnakoona picha za pomboo, ni Oman lakini imetengwa na nchi nzima; katikati kuna ardhi ya Falme za Kiarabu. Ukienda kwa gari unatoka Oman, unaingia Imarati, unatoka, unaingia Oman tena. Kwa pasi zetu hiyo ni viza mbili, na ile ya Oman iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Wenye haraka wanapanda ndege ya ndani mpaka Khasab.

Na wanaounga ndege: ukikata tiketi mbili za mashirika mawili tofauti kupitia Dubai, begi huenda likakusubiri upande wa pili wa uhamiaji, na kulifuata unahitaji viza ya hapo. Kata tiketi moja mpaka mwisho wa safari. Afadhali zaidi ndege ya moja kwa moja ikipatikana. Oman Air hutoka Dar na Unguja, ni kama saa tano na nusu hewani, unafika Muscat unasogeza saa yako mbele kwa saa moja tu.

Likoni

Hamjambo wakubwa. Mie niko Mombasa, naenda kwa binamu yangu Seeb mwezi ujao inshallah. Maswali mawili. Kadi ya njano yatakikana? Na je, naweza kumchukulia binamu mirungi kidogo? Ameniomba sana, asema huko hakuna.

Mtu wa Mkunazini

Hakuna kwa sababu ni dawa za kulevya kwa sheria zao. Usichukue hata kijiti cha kuchokonolea meno. Mwambie binamu anywe kahawa.

Kadi ya njano, chukua. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Oman wanawataka watokao huko waonyeshe cheti. Nyie wa Uganda, Burundi na Kongo hilo linawahusu vilevile. Tanzania nasi nawaambia tuchome tu; karatasi hiyo inakaa kwenye pasi haili chakula. Chanjo inahesabika baada ya siku 10, kwa hiyo usichome leo ukasafiri kesho. Ukishachoma umemaliza, tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata zile kadi za zamani zilizoandikwa miaka kumi.

Hapohapo niongeze la dawa. Mama zetu wanasafiri na mfuko wa rambo umejaa vidonge vilivyotolewa kwenye maboksi yake. Msifanye hivyo. Dawa ya presha na sukari ibaki kwenye boksi lake, na karatasi ya daktari yenye jina lile lililo kwenye pasi. Tramadol, dawa za kikohozi zenye codeine, diazepam na nduguze za usingizi, hizo Ghuba nzima zinadhibitiwa, na kusema "nilinunua dukani tu Kariakoo" hakukusaidii mbele ya afisa. Na kamwe usibebe kifurushi cha mtu usichokifungua, hata akiwa jirani yako wa miaka yote. Mwambie akifungue mezani, mkifunge pamoja. Sigara za umeme nazo acheni nyumbani.

Mpenda Karafuu

Assalam aleikum. Niko Leicester, nina pasi ya Uingereza. Mke wangu ana pasi ya Tanzania na ukaazi wa huku. Tunataka kupitia Muscat wiki moja tukienda Pemba. Sote tunaingia bila viza?

Mtu wa Mkunazini

Waaleikum salaam. Wewe ndiyo. Tangu Desemba 2020 Oman iliwaondolea viza watu wa nchi 103, na ruhusa ni ya siku 14, Uingereza, Marekani na Canada zimo. Uwe na hoteli, bima ya afya na tiketi ya kuondokea.

Mkeo ni habari yake mwenyewe. Viza inafuata pasi ya kila mtu, haifuati ya mume. Ukaazi wa Uingereza huwafaa raia wa nchi zilizo kwenye orodha maalumu, si kila mwenye ukaazi. Aingize Tanzania kwenye mfumo aone analetewa nini, au hoteli iwadhamini. Fanyeni mapema, yasije yakawa yale ya mmoja kuvuka na mwingine kubaki kwenye viti vya uwanja wa ndege.

Mama wa Mwera

Wanangu, na mimi nitie mkono. Nakwenda kwa binti yangu Muscat karibu kila mwaka, haya ya viza kaka kaeleza, mimi niseme ya kukaa na watu.

La kwanza nguo. Huko si kwamba lazima uvae baibui, wageni wanatembea na magauni yao. Lakini mabega na magoti yafunikwe, suruali za kubana acheni, na wanaume kaptura za pwani ni za pwani. Ukenda Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, ule uliofunguliwa 2001, mwanamke ajifunike kichwa mpaka viganja na vifundo vya miguu, wanakuangalia mlangoni. Wasio Waislamu wanaingia asubuhi, saa mbili mpaka saa tano, Ijumaa hapana. Nendeni, hata kama si mtu wa kutembea. Lile zulia la ndani ni kipande kimoja cha mita 70 kwa 60, na ile taa ya katikati shingo itakuuma kwa kuitazama.

La pili, chukueni sweta. Mtanicheka. Nje unaungua, ukiingia ndani kiyoyozi kinakutoa kamasi. Mimi na mafua yangu tunajuana na kila duka la Muscat.

La tatu, simu. Harusini kwa wanawake hapigwi mtu picha. Kwengine simu zinakusanywa mlangoni au wanaweka kibandiko kwenye kamera. Hao wanawake wamevua mabaibui, wamejipamba, wako huru kwa sababu wanajua hapana jicho la nje. Ukirusha picha moja kwenye kikundi cha familia umewavunjia watu heshima zao, na ni kesi polisi. Hata barabarani, usimpige mtu picha hujamuomba.

La nne, ndimi zenu! Mnafika soko la Mutrah mnaanza kumsema mtu kwa Kiswahili, "mtazame huyu na kilemba chake, bei kama kaua mtu". Yule mzee kavaa kanzu na kofia yake ya Kiomani, kakutazama tu, halafu anakujibu: "Mwanangu, hiyo ndiyo bei, mimi nimezaliwa Malindi, Unguja." Watu walirudi huko Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, wengine wengi wakenda baada ya 1970 Sultan Qaboos alipowaita, na lugha wamekwenda nayo na wamewafundisha wajukuu. Hospitalini, benki, Wizarani, utaikuta. Basi semeni mema.

Dogo wa Mbagala

Hahahaa mama umeniua na huyo mzee wa Malindi. Kuna picha nakuja nayo kichwani sasa.

Mkuu Mkunazini, tupe ya hela. Mtu wa kawaida aje na ngapi? Na kweli joto ni hilo?

Mtu wa Mkunazini

Mama wa Mwera, shikamoo, umesema yote.

Dogo, riyali ya Oman ni nzito. Moja ni dola 2.60, na bei hiyo haijabadilika tangu 1986 kwa kuwa imefungwa na dola. Riyali moja ni baisa 1,000, kwa hiyo ukipewa chenji ya noti ya baisa mia usidhani umepewa mia ya kwetu. Njoo na dola safi au kadi ya benki. Shilingi yako hapa haina mtu wa kuipokea. Sikutajii jumla, maana anayelala kwa dada yake na anayelala hoteli hawafanani hata kidogo. Chai ya karaki kwenye vibanda ni baisa mia na kitu, mishikaki na mkate unashiba kwa riyali moja au mbili. Kinachokula hela ni usafiri. Mabasi ya Mwasalat yapo na ni rahisi, kutoka uwanjani pia yapo, lakini mji wenyewe ni mrefu mwembamba, umebanwa kati ya milima na bahari, vituo haviko mlangoni kwako, na kutembea kwa miguu mchana hutoweza. Teksi ita kwa programu ya OTaxi, bei unaiona kabla hujapanda. Teksi za barabarani patana kwanza.

Joto sasa. Novemba mpaka Machi ni raha, jioni unatafuta shuka. Mei mpaka Septemba ni adhabu, nyuzi 40 na kupanda, na usiku haupoi. Juni 2018 pale Qurayyat, kusini kidogo ya Muscat, ulipita usiku mzima joto halikushuka chini ya 42.6. Usiku! Kama likizo yako ni Julai au Agosti tu, panda ndege uende Salalah. Huko wakati huohuo ni msimu wa kharifu, manyunyu na ukungu unatoka Bahari ya Hindi, milima inakuwa kijani, ngamia wamesimama kwenye majani kama ng'ombe wa Iringa. Waarabu wa Ghuba nzima wanahamia huko, hoteli zinajaa, na kutoka Muscat kwa gari ni kilomita 1,000 hivi za jangwa. Ndizi, madafu na mapapai yanauzwa vibandani barabarani, utadhani umeteremka Bububu.

Mtakaokodi gari: huku tunaendesha kulia, kinyume na kwetu. Mzunguko wa kwanza ndio utakaokuonyesha. Kamera za mwendo ziko kila mahali, na faini inamfuata aliyekodi. Mvua ikinyesha, hata ukiiona milimani kwa mbali, usivuke wadi. Ile njia kavu ya mawe unayoiona inajaa maji ghafla na kubeba magari. Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu, na wanafunzi waliokuwa ndani ya gari walikuwa miongoni mwao. Kulivuka wadi lenye maji makusudi ni kosa la barabarani pia. Jebel Akhdar napo huendi na gari dogo, kuna kituo cha polisi chini ya mlima kinarudisha yasiyovuta magurudumu manne.

Mwenye siku chache na pesa ya kiasi nampeleka Nizwa. Ijumaa asubuhi mapema kuna mnada wa mbuzi: wauzaji wanazunguka na mbuzi mkononi, wanunuzi wamekaa duara, wanapiga kelele za bei, mbuzi anashikwa mbavu, anafunuliwa meno, anaachiwa. Saa tatu umekwisha. Pembeni ni ngome na duka za halua. Kutoka hapo Bahla hapako mbali, ngome ya udongo iliyo kwenye urithi wa dunia tangu 1987.

Likoni

Shukran kwa majibu, binamu nimemwambia, amekasirika kidogo. Sasa zawadi gani yafaa basi? Na mfungo ukinikuta huko?

Mtu wa Mkunazini

Ramadhani njoo tu, usiku wake ni mzuri kuliko mchana wa mwezi mwingine. Ila mchana kula, kunywa na kuvuta sigara hadharani ni kosa kwenye sheria yao ya adhabu ya 2018, na mgeni asiye Mwislamu naye limo. Mikahawa mingi imefungwa mpaka magharibi, ofisi zinafunga mapema. Na kumbuka wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Ukitaka jambo la ofisini usilipange siku hizo.

Zawadi: karafuu, pilipili manga, mdalasini, kahawa, kanga mpya za maandishi. Hizo hazigombi na mtu. Wazee wataomba papa mkavu na ng'onda, ufunge vizuri. Doriani usijaribu, hata ndani ya ndege hawakukubalii. Ukirudi chukua halua, bukhuri, na ubani wa Dhofar, mkoa wa Salalah. Ubani uununue Salalah au Mutrah kwa muuzaji anayekuruhusu kuchagua tembe kwa tembe: zile nyeupe zenye rangi ya kijani kwa mbali ndizo za bei, za kahawia ni za kufukiza kila siku. Bei ya kwanza sokoni si bei.

Soketi za umeme ni zilezile za pini tatu za kwetu. Laini ya simu unanunua uwanjani kwa pasi, Omantel au Ooredoo. Ujumbe wa WhatsApp unakwenda, ila kupiga simu kwa WhatsApp mara nyingi hakupiti, kwa hiyo msiwatie hofu wazee nyumbani kwamba mmepotea.

Bi Tanga

Kaka, nimerudi. Yule mama nimemwambia alete mkataba. Kasema mkataba utapatikana hukohuko. Mdogo wangu haendi.

Mtu wa Mkunazini

Alhamdulillahi. Na kama alishampa nakala ya pasi au hela yoyote, kaandikisheni polisi, msinyamaze.

Dogo wa Mbagala

Na mimi yule jamaa nimemuuliza lile swali. Kaniblok.

Likoni

Mkunazini, viza yangu imetoka leo, nimeilinganisha na pasi, jina sawa, namba sawa, na kwenye tovuti nimeiona. Siku 30. Ila binamu anasema siku hiyo yuko kazini Sohar. Kuna mtu wa kunipokea uwanjani?

Mtu wa Mkunazini

Nitumie faraghani namba ya ndege. Namba ya simu ya binamu iandike kwenye karatasi uwe nayo mkononi pamoja na anwani ya nyumba, uhamiaji wakikuuliza unafikia kwa nani usianze kutafuta chaji. Tiketi ya kurudi nayo ichapishe. Na kama una papa mkavu, mfunge mara tatu. Gari ni ya kazini.